Kwa Nini Edith Alichagua Kisu

Daktari alipomaliza kumbonyeza Timoth tumbo, Mama Stefania alimuuliza swali ambalo wazee wa Ufipa humuuliza kila kijana wanayemwona kwa mara ya kwanza: yeye ni mtoto wa nani? Alimuuliza kwa Kifipa, maana alikuwa amemsikia akimsalimia mgonjwa kwa lugha hiyo, na Kifipa chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa nacho, si cha kuokoteza kwa wagonjwa.

Daktari aliinua kichwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo na kucha zilizokatwa mpaka mwisho.

"Wa Kristiana," alijibu. "Zamani tulikaa Mollo. Sasa mama yuko Mwimbi."

Leonsi alikuwa amesimama upande wa miguuni mwa kitanda. Aliona mkono wa mama yake ukiondoka juu ya shuka la Timoth na kurudi mapajani pake, kama mtu aliyegusa sufuria bila kujua ina moto. Daktari aliendelea kuongea kana kwamba ametaja jina la mtu yeyote tu. Alisema utumbo mpana wa Timoth umejisokota, na picha imeonyesha hivyo. Wamejaribu kupitisha mpira kwa chini ili uachie, haukuachia. Sasa dalili zinaonyesha utumbo unaanza kufa, kwa hiyo ni lazima apasuliwe asubuhi hiyohiyo. Timoth mwenyewe alikuwa akiweweseka kwa maumivu na homa, hivyo alihitajika ndugu wa kusaini. Alisema atawaachia nafasi wazungumze, lakini isiwe ndefu.

Kabla hajaondoka, macho yake yalipita kwenye chale mbichi zilizokuwa kando ya kitovu cha Timoth. Hakuuliza kitu. Leonsi aliona kwamba hakuuliza, akaliweka hilo akilini pamoja na mengine.

"Huyo hamgusi mwanangu," Mama Stefania alisema mlango ulipofungwa.

Leonsi alikuwa fundi wa kujenga, na kazi yake ilimzoesha kurudi nyuma hatua kadhaa na kuutazama ukuta kabla ya kusema umepinda. Lakini ukuta huu aliujua tangu ujana wake.

Baba yao, mzee Gabriel, alikufa kwa tumbo la namna hiyohiyo. Ilikuwa wakati wa palizi, Kristiana alipowaita majirani wamsaidie shamba lake la mahindi, na kama ilivyo kawaida, aliyeita watu aliwapikia pombe ya ulezi. Kwa Wafipa, mwenye pombe huonja kwanza. Huchota, hunywa mbele ya watu, ndipo kata inapozunguka. Si jambo la kuambiwa, na hakuna anayelifikiria mpaka siku lisipofanyika. Siku ile Kristiana alichota akampa mzee Gabriel, mkubwa kuliko wote, bila yeye mwenyewe kugusa kata kwa midomo. Watu walitazamana, wakanywa, maana walikuwa na kiu. Jioni yake mzee Gabriel alianza kushika tumbo. Likavimba, likawa gumu kama ngoma, na kabla wiki haijaisha wakamzika. Wengine wote waliokunywa walikuwa wazima, na hilo ndilo lililommaliza Kristiana, kwa kuwa watu walisema aliikusudia kata ya kwanza. Haukupita mwezi, vyombo vyake vikapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaondoka na mume mgonjwa na binti mdogo.

Na sasa binti yule alikuwa anataka kushika kisu juu ya tumbo la mtoto wa Gabriel.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili lilimsumbua Leonsi zaidi kwa sababu lilikuwa ndani ya nyumba yake. Siku tumbo lilipoanza, Timoth alikuwa amekula kwake. Atusaye, mke wa Leonsi, ndiye aliyepika ugali na dagaa waliotoka Kipili. Atusaye alikuwa mtu wa Mbeya, aliyekuja Sumbawanga kununua mahindi, akaolewa, na katika miaka yote hiyo Mama Stefania hakuacha kumwita mgeni. Kabla hata hawajampeleka Timoth hospitali, wakiwa bado wanahangaika na mzee wa chale, mama aliuliza mara moja tu, bila kumtazama mtu: "Alikula kwa nani?" Kisha akasema Atusaye asije hospitalini, abaki na watoto.

Leonsi hakubisha. Tena alifanya zaidi ya kutobisha. Alimfuata mkewe jikoni akamuuliza wale dagaa alinunua kwa nani. Atusaye alimtazama, akataja jina la mwenye duka, akaendelea kuosha vyombo.

Kwa hiyo alipomsikia daktari akisema utumbo hujisokota wenyewe, kitu kifuani mwake kiliruka kwa furaha, na papo hapo akakishuku. Alijua kwamba maneno yale ndiyo aliyotamani kuyasikia. Mtu anayetaka kukuangamiza, aliwaza, hawezi kukuletea chambo kizuri kuliko hicho.

Alitoka nje kutafuta ukweli kwa njia aliyoijua, yaani kuuliza kidogokidogo. Muuguzi wa wodi, sista Mary, alikuwa mtu wa maneno. Leonsi alimuuliza kama bingwa mwenyewe hayupo. Akaambiwa Daktari Lwitiko yuko Mbeya, lakini amepigiwa simu, ameiona picha, na amesema Edith, yule daktari wa asubuhi, aendelee. Akauliza kama mgonjwa hawezi kupelekwa Mbeya amfuate huko huko.

"Gari lipo, kaka," Mary alisema. "Mgonjwa ndiye sina hakika kama atafika. Mnamhamisha kwa nini? Kwa sababu daktari ni mwanamke? Wanaume wa hapa mna shida. Sindano yenyewe mnaiogopa, halafu mnataka kuchagua wa kuishika."

Leonsi alicheka kidogo ili asionekane anachimba, akasema hapana, anataka tu kumfahamu. Hapo Mary akafunguka. Alisema Edith bado yuko masomoni, anasomea ubingwa wa upasuaji, na chuo humtoa mwanafunzi miezi kadhaa akafanye kazi mikoani. Wenzake walikwepa Sumbawanga, si unajua watu wa pwani wanavyolisikia jina la mji huu kwa uchawi, wanadhani wakilala hapa wataamka wako juu ya paa. Edith hakupangiwa. Aliomba mwenyewe.

"Aliomba?"

"Aliomba, tena kwa kusisitiza. Bingwa alishangaa."

Mary aliona anamsifia mtu. Leonsi alirudi koridoni na moyo mzito kuliko aliotoka nao. Mwanamke aliyefukuzwa Mollo pamoja na mama yake amesoma miaka yote ile, akachagua kazi ya kupasua watu, halafu akaomba kurudi mahali palepale. Kila kipande peke yake hakikuwa na neno. Vikikaa pamoja vilikuwa na sura.

Alimkuta Edith karibu na mlango wa chumba cha upasuaji, akinywa chai ya rangi wima wima. Upepo wa Juni ulikuwa unapita koridoni ukibeba ubaridi wote wa nyanda za juu, na mvuke wa kikombe ulikuwa unakatika kabla haujapanda.

"Daktari, nina maswali," alisema. "Usinielewe vibaya."

"Uliza, kaka. Lakini uliza upesi."

"Ulijua kwamba ni sisi?"

"Niliposoma Timoth Gabriel wa Mollo, nilijua."

"Ungeweza kumwambia mama jina jingine."

"Ningeweza. Halafu mngekuja kujua Timoth akiwa tayari na kidonda. Mngesema nini?"

Leonsi alikubali moyoni kwamba wangesema mabaya zaidi. Alimuuliza kama anamkumbuka yeye.

"Nakukumbuka. Wewe ndiye uliyepakia kitanda chetu kwenye mkokoteni. Ulikiweka taratibu, wengine walikuwa wanarusha."

Hakujua kama hiyo ilikuwa shukrani au hati ya mashtaka. Sauti ya Edith haikumsaidia, ilikuwa ileile ya kutaja dawa.

"Nimesikia uliomba mwenyewe kuja huku."

"Mary," Edith alisema, akatikisa kichwa. "Ndiyo, niliomba. Matumbo ya namna hii yako huku. Huko chuoni tunayasoma zaidi kuliko kuyaona."

"Na kwa nini upasuaji? Daktari mwanamke anaweza kutibu watoto, au akina mama. Kwa nini kisu?"

Edith aliweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha. "Kwenye usaili wa chuo waliniuliza hivyohivyo. Niliwaambia napenda kazi ya mikono. Nikujibu hivyo na wewe?"

"Nijibu la kweli."

Alimweleza akiwa ameangalia chini, kwa maneno machache, kama mtu ambaye hajawahi kuyasema kwa sauti. Siku ile ya palizi alikuwa darasa la tatu, alikuwa anawapelekea watu maji ya kunawa. Alimwona mama yake akimpa mzee Gabriel kata bila kuonja. Baadaye, watu walipokuja juu, Kristiana alisema ilikuwa Kwaresima, na alikuwa ameweka nadhiri kwamba hatagusa pombe mpaka Pasaka. Nadhiri hiyo hakumwambia mtu yeyote, hata mumewe, kwa kuwa alifundishwa kwamba mfungo wa kutangazwa hauna thawabu. Kwa hiyo hakuwa na shahidi.

"Watu hawakumwamini, na mimi siwalaumu," Edith alisema. "Kwa sababu hata mimi sikumwamini."

Edith alikishika kikombe tena, bila kunywa.

"Mimi, mwanaye. Nilikua nikimtazama mikono. Alikuwa anauza maandazi ili nisome, na mimi nasoma huku nikijiuliza aliweka nini kwenye ile kata. Nilipofika chuo cha udaktari, kitabu cha kwanza kufungua kilikuwa cha sumu."

Alieleza kwamba hakupata sumu inayovimbisha tumbo vile na kuacha mengine yote, lakini kutopata si jibu. Kisha siku moja, akiwa bado mwanafunzi, aliitwa chumba cha upasuaji ashikilie chuma cha kuacha kidonda wazi. Mgonjwa alikuwa mkulima, tumbo kama ngoma. Walipomfungua, utumbo ulitoka mnene kama paja, umejisokota penye shina lake kama shuka linalokamuliwa. Bingwa aliugeuza kwa mikono miwili, ukaachia, hewa ikatoka, tumbo likalala. Edith alisema alisahau kukivuta kile chuma mpaka akakaripiwa.

"Siku hiyo ndiyo nilichagua. Watu hudhani ni huruma, au ujasiri wa mwanamke kuingia kazi ya wanaume. Hapana, kaka. Mimi ni mtu wa kushuku. Kwingine kote daktari anasikiliza, anapima, anakisia. Kwenye upasuaji unafungua, unaona."

"Kwa hiyo uliona kwamba mama yako hana kosa."

"Niliona kwamba inawezekana hana. Baba yako hakufunguliwa. Alizikwa na jibu lake."

Leonsi alimtazama. Hapo ndipo swali lililokuwa limejificha chini ya mengine yote lilipojitokeza, akaliuliza bila kulipamba.

"Na leo unataka kumfungua mdogo wangu ili ulipate hilo jibu."

Edith hakukasirika. Leonsi aliuona uso wake ukifanya kazi, kama wa mtu anayehesabu akigundua kuna namba aliiruka.

"Nataka kuona, ndiyo," alisema mwishowe. "Nisikudanganye. Lakini hata nisingetaka, Timoth bado ni wa kufunguliwa. Na kila dakika tunayosimama hapa, sehemu ya kukata inazidi kuwa ndefu."

Kama angekana, Leonsi angemwita dereva wa gari la Mbeya. Alilijua hilo kwa hakika. Jibu lile lilikuwa baya, na ubaya wake ndio uliomfanya aliamini, kwa kuwa mwenye hila angelikuwa na jibu zuri.

"Mama yako anajua kwamba ulimshuku?"

"Hajui. Na usije ukamwambia."

"Nataka nikione kitakachotoka tumboni."

"Utaonyeshwa. Ndugu huonyeshwa siku zote."

Alisaini. Aliporudi kumwambia mama yake, Mama Stefania alivuta kitenge mpaka kichwani, akamgeuzia mgongo, na rozari ikaanza kupita vidoleni mwake. "Umemtoa mdogo wako kafara," alisema ukutani. Hakusema tena kitu mpaka mchana.

Leonsi alisubiri nje, mahali anapouona mlango. Katika kusubiri kule imani yake ilipanda na kushuka. Kitanda chenye Timoth kilipopita kikisukumwa, aliona amefanya lililo sawa. Mlango ulipofungwa, aliona amefanywa mjinga na mwanamke mwenye sauti ndogo. Alijiuliza kama mtu anaweza kusema ukweli wote na bado akaua. Alikumbuka jinsi Edith alivyosema habari za kile kitanda. Alimwona Mary akitoka mbio kufuata damu, akasimama. Mary akarudi na mfuko, akampungia mkono kwamba akae. Akakaa.

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipoitwa. Edith alikuwa mlangoni, barakoa imeshushwa kidevuni, kofia imelowa kwenye paji. Alisema Timoth yuko hai. Kisha akafunua beseni.

Leonsi alikuwa amechinja ng'ombe na nguruwe maishani mwake, hakuwa mgeni wa matumbo. Lakini kile hakukitegemea. Kilikuwa kinene, cheusi chenye zambarau kama bilinganya iliyooza, na harufu yake ilimrudisha nyuma. Edith alimwonyesha kwa ncha ya koleo sehemu mbili nyembamba, zilizokaribiana, ambako rangi ilibadilika ghafla kutoka nyeusi kuwa ya kawaida. Alisema hapo ndipo palipojikaza. Watu wengine huzaliwa na utumbo mrefu wenye shina jembamba, wanaweza kuishi nao mpaka uzee, na wanaweza kurithishana.

"Sumu inaweza kufanya hivi?" Leonsi aliuliza.

"Sumu haifungi fundo."

Alikuwa ameshamwonyesha yote, lakini hakulifunika beseni. Aliendelea kulitazama yeye mwenyewe, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, mpaka Mary alipolichukua mikononi mwake kwa upole.

Leonsi alikwenda kwa mama yake akamweleza kila kitu kwa utaratibu, rangi, unene, na pale palipojikaza. Alimwambia hata habari ya kurithishana, na kwamba labda baba naye alikuwa hivyo. Mama Stefania alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na nani alikwambia ule utumbo ni wa Timoth?"

Leonsi alifungua mdomo.

"Wana mabeseni mangapi humo ndani?" mama aliendelea. "Hospitali nzima hii, wanakosa utumbo wa kukuonyesha?"

Asubuhi ile yeye mwenyewe angeuliza hivyohivyo.

Timoth aliamka, akalala, akaamka tena. Homa ilishuka. Kwa kuwa utumbo uliobaki ulikuwa umechoka, Edith hakuunganisha ncha zake siku hiyo. Alitoa ncha moja nje, ubavuni, na kuivisha mfuko, akaeleza kwamba baada ya miezi michache Timoth atarudi aunganishwe. Mama Stefania alisema mwanawe ametobolewa, na kwamba ameachwa wazi makusudi ili mtu apate sababu ya kumrudia. Timoth, ambaye ndiye mwenye ubavu, alipopata nguvu ya kuuona ule mfuko alimwita Leonsi karibu.

"Kaka, mimi nimelala tu, nyie mmenijengea mlango wa uani. Fundi ulikuwa wewe?"

Leonsi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza hayakusimama haraka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka pia. Mama hakucheka, lakini alimpangusa Timoth midomo kwa pembe ya kitenge chake, na siku iliyofuata Edith alipokuja kusafisha kidonda alimwacha apite. Leonsi akadhani mambo yanaanza kulainika.

Kumbe shuku ya mama yake ilikuwa haijafa. Ilikuwa imehama. Timoth alipokunywa uji kwa mara ya kwanza, mama alishika kikombe akiwa ametazama pembeni, akasema polepole: basi kama mwenye kosa si daktari, na kama utumbo ulikuwa mzima siku zote hizo, ulisubiri nini mpaka siku ile, na kwa nini ulisubiri chakula cha nyumba ile? Leonsi aliwaza kumrudia maneno ya Edith kutoka mwanzo. Akanyamaza, akajiambia ataongea mama akitulia.

Ndipo Kristiana alipokuja. Habari zilikuwa zimefika Mwimbi kwa njia zake. Alisimama mlangoni mwa wodi na kikapu, mwanamke mfupi aliyezeeka mapema, akaangalia vitanda mpaka akakiona anachokitafuta. Mama Stefania alimwona. Aliinuka, akapita karibu naye bila kumgusa wala kumsalimia, akatoka kwenda juani.

Leonsi alimwamkia shikamoo. Kristiana aliitikia marahaba, akamsogelea Timoth, akampa pole, akaacha ndizi mbivu kwenye kikabati, zikiwa ndani ya maganda yake, ambazo mtu hawezi kuzishuku. Kisha akamwomba Leonsi amsindikize. Walisimama chini ya ukumbi wa wodi, mahali ambapo watu huanika nguo za wagonjwa.

"Baba, nina neno moja," alisema. "Binti yangu alikwambia nini mpaka ukamkubalia?"

Leonsi alikuwa hajajiandaa kwa swali hilo. Alijaribu kulipima kwa haraka, jambo ambalo hakulizoea.

"Aliniambia utumbo unaweza kujisokota wenyewe."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mama."

Kristiana alimwangalia usoni, bila haraka. Alikuwa ameishi miaka mingi akiangaliwa na watu wasiomwamini, na bila shaka aliijua sura ya mtu anayeficha.

"Wewe hujui kusema uongo," alisema. "Usihangaike. Najua. Tangu tulipohamia Mwimbi, Edith hakuwahi kumeza tonge kabla sijameza la kwangu. Mtoto wa darasa la tatu. Anajifanya anapuliza, na ugali umeshapoa."

"Hukumwambia kitu?"

"Ningemwambia nini? Kwamba sikuweka sumu? Nilishawaambia watu wazima, ilinisaidia nini? Nilichofanya, nilikuwa nakula haraka. Ili asikae na njaa."

Alikunja kikapu chake kitupu, akakibana kwapani.

"Usimwambie kwamba najua. Anadhani amenificha, na hilo linampa amani."

Leonsi alisema hatamwambia. Alimtazama akishuka ngazi na kupita mbele ya Mama Stefania, ambaye alikuwa ameketi juani na rozari yake. Wanawake wale wawili hawakuangaliana. Kristiana aliendelea na njia ya getini kwa mwendo uleule aliokuja nao.

Leonsi alibaki amesimama kati ya mashuka yaliyoanikwa. Alikuwa akiwaza juu ya mtoto anayepuliza ugali uliopoa, lakini aliyemwona hakuwa Edith. Alimwona Atusaye jikoni, mikono ndani ya maji, akitaja jina la mwenye duka la dagaa. Alidhani lile lilikuwa swali dogo la kuuliza kwa hila, tena alijisifu kwamba hakumtuhumu. Alijiuliza mkewe alifanya nini baada ya yeye kutoka jikoni siku ile.

Alitoa simu. Iliita kwa muda mrefu.

"Timoth vipi?" Atusaye aliuliza kabla ya salamu.

"Anaendelea vizuri. Anakunywa uji. Nataka uje umwone. Uje na watoto."

Leonsi alisikia kuku, na mtoto wao wa mwisho akilalamika juu ya kitu fulani.

"Mama amesema nije?"

"Hapana. Ninayekuita ni mimi."

"Siku zote hizi mama amesema maneno yake, na nimeyasikia, mpaka majirani wameniletea," Atusaye alisema. Hakupandisha sauti. "Wewe ulisemaje?"

Leonsi aliangalia upande wa mama yake, aliyekuwa bado juani, shanga zikipita vidoleni.

"Nilinyamaza," alisema. "Na nilikushuku."

Leonsi alidhani amekata, akaangalia kioo cha simu. Alikuwa bado yupo.

"Nakuja kukuchukua," Leonsi alisema. "Natafuta pikipiki sasa hivi, tutaingia wote wawili, mama akituona."

"Usije," Atusaye alisema. "Njia naijua. Niambie tu ni wodi gani."